Ukipotea, Simama Hapo Hapo

Stoo ya vifaa vya kambi ilikuwa nyuma ya darasa la sita, chumba cha dirisha moja chenye harufu ya turubai na mafuta ya taa. Kila kitu humo kilikuwa na mahali pake. Mahema kumi na mawili yalikunjwa na kupangwa kama mikate dukani, vigingi vilikaa kwenye makopo ya rangi, dira zilivishwa soksi kuukuu zisigongane, na ukutani, kila moja na msumari wake, zilining'inia filimbi thelathini zenye nyuzi nyekundu.

Mwenye stoo hiyo alikuwa mhudumu wa shule. Aliingia kazini akiwa na ufagio na ndoo, na miaka ikamwongezea funguo. Watoto walimwita Bibi Filimbi, walimu nao wakazoea, hata siku mwalimu mkuu alipomwandikia barua ya kustaafu nusura aandike hivyo hivyo. Alikuwa mama mtu mzima, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini na goti moja lililotabiri mvua kuliko redio.

Mle stoo mlikuwa pia na kiti. Cha mbao, mgongo umenyooka, na juu yake zimelundikwa kamba. Mtu akitaka kukaa, Bibi Filimbi alimgeuzia ndoo. Akiulizwa kiti kile kina nini, alijibu kwamba ni cha kamba. Watoto walisema shule nzima hakuna mwenye cheo kama kamba, maana hata mwalimu wa zamu hukalia dawati bovu.

Kila mwaka, muhula wa mwisho, darasa la sita hupelekwa kulala usiku mmoja kwenye msitu ulio nyuma ya kilima. Huko hujifunza kusimamisha hema, kuwasha moto kwa njiti tatu tu za kiberiti, kuchuja maji kwa kitambaa na kuyachemsha, na kwenda njia wasiyoijua kwa kufuata dira. Masomo yote hayo yalikuwa ya mwalimu wa kambi, kijana mwenye kofia pana na cheti. Lakini somo moja alimwachia Bibi Filimbi, kwa sababu alikuta ni lake, na kwa sababu watoto walilisikiliza bila kuambiwa wanyamaze.

Aliwaketisha kwenye nyasi, akawagawia filimbi, akasema, "Ukipotea, simama hapo hapo. Usikimbie, usijifanye unajua. Kumbatia mti kama mama yako, piga filimbi mara tatu, ukae. Anayekutafuta ataanzia pale alipokuona mwisho. Ukiwa umeondoka, atakuta nini?"

Somo hilo hakulitoa kwenye kitabu. Alikuwa na miaka kumi na mdogo wake ana sita, wakatumwa kuni. Mdogo akamfuata kipepeo, dada akainua kichwa, mtoto hayupo. Kabla ya siku hiyo alikuwa amemwambia, kwa kumtisha tu asizurure, kwamba akipotea akae hapo hapo, yeye atakuja. Basi alizunguka vichakani akiita, "Uko wapi?" mpaka koo likakauka, na mwisho akasikia kasauti kadogo nyuma ya kichuguu kakijibu, "Niko hapa hapa." Mtoto alikuwa amekaa amefumba macho, mikono imeshika nyasi kana kwamba ardhi ingemtupa. Hakuwa amelia. Alisema tu, "Ulisema utakuja."

Tangu hapo ukawa ndio mchezo wao, na baadaye ndiyo salamu yao. Mmoja akirudi nyumbani huita toka uani, "Uko wapi?" na aliye jikoni hujibu, "Niko hapa hapa." Hata walipokuwa wasichana wakubwa, hata baada ya mdogo kuolewa mbali, akija kutembea, kabla hajaweka mzigo chini lazima aite.

Kisha mama yao akaugua. Dada ndiye aliyekuwa karibu, akamuuguza wiki tatu, akimgeuza, akimlisha, akimwombea. Alituma ujumbe kwa mdogo wake kwa mkono wa msafiri. Siku zikapita, mdogo haonekani. Mama akafa, akazikwa, na siku ya tatu, waombolezaji wakiwa wamekaa mikekani, mdogo akasimama mlangoni, mtoto mgongoni, miguu imevimba kwa safari. Hakuita. Alisimama tu, akisubiri dada yake ainuke.

Dada hakuinuka. Alikuwa hajalala siku nne, na moyoni mlikuwa na jambo limechacha. Akasema bila kumwangalia, "Mgeni kafika. Mpeni kiti."

Mtu mmoja, asijue afanye nini, akaleta kiti kweli. Mdogo akakaa juu ya kiti peke yake, katika nyumba aliyozaliwa, watu wote wako chini mikekani. Akakaa muda wa chai kupoa. Kisha akainuka, akavaa viatu, akaenda.

Wiki mbili baadaye ndipo ikajulikana kwamba ujumbe ule ulikaa kwenye mfuko wa msafiri siku tisa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hufungwa kitambaa. Ulimi ungefungwa na nini? Nyumba ya mama ilipogawanywa, wengine walichukua sufuria na kitanda. Yeye alichukua kiti kile. Hakukikalia hata siku moja.

Mwaka wa kwanza aliona haya kwenda. Mwaka wa pili alijiambia kwamba walivyolelewa, mdogo ndiye humwendea mkubwa. Wa tatu akasema subira huvuta heri. Baada ya hapo hakusema kitu, alingoja tu, na kungoja nako ni kazi kama kazi nyingine, mtu huizoea. Walikuwa hawajapoteana. Dereva wa lori lililoleta kuni za jiko la shule alipita kila mwezi kwenye mji alikokuwa akiishi mdogo wake, safari ya nusu siku, na kila mwezi Bibi Filimbi alimuuliza mambo ya barabara, ya mvua, ya bei ya matairi, mpaka dereva mwenyewe amwonee huruma aseme, "Mdogo wako yupo pale pale, anashona magodoro. Naye huniuliza kama bado uko pale pale." Akishasikia hivyo alikwenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Kila jioni alimwomba Mungu amlete mdogo wake. Hakuwahi kuomba apewe miguu ya kwenda.

Sasa barua ya kustaafu ilikuwa imefika. Muhula ukiisha angerudisha funguo na kuacha kile chumba kimoja cha wafanyakazi alichokaa miaka yote, ahamie kwa binti yake. Binti alishapaka rangi chumba, akaning'iniza pazia, akawa anampigia simu kila Jumapili kumuuliza anakuja lini. Mama alimjibu kwa kukwepa, mara goti, mara kazi. Siku moja ikamtoka: akihama, mama mdogo akija atamkuta wapi? Binti akasema kwa upole kwamba ni miaka kumi na saba sasa. Mama akasema anajua kuhesabu.

Ndivyo ilivyokuwa moyoni mwake alipopanda basi la shule kwenda kambi yake ya mwisho, filimbi zote zimo kwenye kapu magotini.

Siku ilianza vizuri. Mahema yalisimama, moja likaanguka, likasimama tena. Kundi moja lilimaliza njiti zake tatu bila moto, likaenda kuomba kwa majirani kwa unyenyekevu ambao walimu hawakuwahi kuuona darasani. Bibi Filimbi alitoa somo lake, watoto wakalirudia kwa sauti. Baada ya chakula cha mchana, mwalimu wa kambi akawapanga wawili wawili kwa safari ya dira. Njia iliwekewa vitambaa vya njano mitini, kutoka kambini hadi kwenye mwamba mkubwa, ikashuka mtoni, ikarudi. Kila wawili walipewa dira moja na filimbi moja, na neno moja la kukumbuka: msiachane.

Wawili wa mwisho walikuwa wasichana. Mmoja aliitwa Kasuku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mdomo wake haukujua likizo. Mwenzake walimwita Mpole, mtoto wa kufikiri kwanza hata anapotaka kukohoa. Tangu darasa la kwanza walikaa dawati moja, na walimu walikata tamaa ya kuwatenganisha.

Saa tisa wote walitakiwa wawe wamerudi. Saa kumi ilipofika, Kasuku na Mpole walikuwa hawajaonekana. Mwalimu wa kambi akavua kofia, akaivaa, akaivua tena, kisha akashuka mtoni na mwalimu mwenzake, maana mtoni ndiko kwenye hofu. Bibi Filimbi aliambiwa abaki. Akawakabidhi watoto kwa mwalimu wa kike aliyekuwa jikoni, akamuuliza jambo moja msichana wa kundi lililotangulia: mara ya mwisho uliwaona wapi? Kwenye mwamba, msichana akasema, Kasuku alikuwa anafunga kiatu.

Basi hakwenda mtoni. Alipanda kuelekea mwamba, goti likimlalamikia kila hatua, midomo ikimtaja Mungu. Alipokaribia akasikia sauti. Hazikuwa za kilio. Zilikuwa za ugomvi.

"Njoo wewe," ilisema moja.

"Siwezi, nimepotea," ikajibu nyingine.

"Na mimi nimepotea!"

"Basi piga filimbi."

"Nimeshapiga mara tatu. Bibi alisema tatu."

Akauzunguka mwamba. Upande huu alikuwepo Kasuku, amekumbatia mti, magome yamemchora shavuni. Upande wa pili, hatua ishirini tu, alikuwepo Mpole na mti wake. Katikati yao palikuwa na mwamba na kichaka kidogo cha miiba. Kasuku aliinama kufunga kiatu, Mpole akazunguka mwamba bila kujua. Mmoja akainua kichwa akakuta yuko peke yake, mwingine akageuka akakuta hivyo hivyo. Kila mmoja akajiona ndiye aliyepotea, na kila mmoja, kwa utii wa kumpendeza mwalimu yeyote, akasimama hapo hapo. Walikuwa wamesimama zaidi ya saa nzima, wakisikiana.

Bibi Filimbi alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, machozi yakamtoka, na wale wawili wakaachia miti yao wakaja kumwangalia kwa wasiwasi, kama watu wanaofikiri sasa aliyepotea ni mwingine.

Kasuku hakuona cha kuchekesha. Akajifuta shavu, akasema, "Bibi, si ni wewe uliyesema tusimame? Sasa tukisimama wote wawili, nani amtafute mwenzake?"

Miaka yote hiyo ya kufundisha, hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kicheko kikamwisha. Akabaki amekaa pale, mkono mmoja kwenye goti, akiangalia ule mwamba kama ndio kwanza anauona. Mpaka Kasuku mwenyewe akamkumbusha kwamba mwalimu huenda bado anatafuta mtoni, na afadhali mtu apige filimbi.

Jioni, watoto wakizunguka moto, kambi nzima iliwataka wale wawili wasimulie. Kasuku alisimulia mara tatu, na kila mara mwamba uliongezeka ukubwa. Waliosikiliza wakagawana pande, huku wakiitana, "Njoo wewe," "Siji, nimepotea," wakianguka kwa vicheko. Mwalimu wa kambi alijaribu kuwa mkali ikamshinda.

Mpole alikuwa pembeni kwa Bibi Filimbi, akimsaidia kukausha filimbi kwa kitambaa. Bibi akamuuliza polepole, macho kwenye kazi, kama alikuwa akimsikia mwenzake vizuri.

"Vizuri tu, Bibi. Muda wote."

"Na hukutaka kwenda?"

Mpole alifikiri, kama kawaida yake. "Nilitaka sana. Lakini nikasema, nikiondoka hapa, halafu naye akaja, atakuta mti mtupu." Akafuta filimbi nyingine, akaitazama kwenye mwanga wa moto kama imetakata. "Halafu pia, yeye ndiye aliyesimama bila kuniambia. Nikaona aje yeye."

Bibi Filimbi alichukua ile filimbi mkononi mwa mtoto, akaifuta tena ingawa ilikuwa kavu.

Asubuhi mahema yalipokunjwa na mizigo kufungwa, alimwomba mwalimu wa kambi dakika moja na watoto. Walikaa kwenye nyasi zenye umande, nusu yao wakipiga miayo. Akawaambia kwamba somo la jana alilifundisha nusu, na Mungu amsamehe, alikuwa akilifundisha nusu kwa miaka. Aliyepotea asimame, hilo halibadiliki. Lakini watu wawili wakiwa wamepoteana na wanasikiana, mmoja lazima atembee.

Kasuku akanyoosha mkono, jambo ambalo hakulifanya darasani, akauliza ni yupi sasa.

"Mkubwa aende," akasema Bibi Filimbi. "Mdogo anamngoja."

"Mimi namzidi miezi miwili," Kasuku akasema, sauti imepungua.

"Basi ulitakiwa kwenda wewe, mwanangu." Na watoto walipogeuka kumcheka Kasuku hakuna aliyemwona Bibi akijipangusa uso kwa ncha ya nguo yake.

Walirudi Jumamosi. Jumatatu lori la kuni liliingia shuleni, na dereva alipomaliza kushusha alimkuta Bibi Filimbi amesimama kwenye mlango wa gari, kavaa nguo yake ya ibada na ana kikapu mkononi. Akamuuliza leo vipi, haulizii barabara wala matairi, au leo hana hata salamu ya kutuma.

"Leo salamu inajipeleka yenyewe," akajibu. "Nisogezee hayo makopo nikae."

Njia nzima alipanga maneno. Alianza na msafiri aliyechelewesha ujumbe, akayaacha, maana hayo yangekuwa kujitetea. Akaanza na mama, akashindwa. Walipopita daraja la pili alikuwa amebakiza maneno matano mazuri, na kila shimo la barabarani likamdondoshea moja. Dereva alimwona midomo inacheza, akadhani anasali. Hakukosea sana.

Akamshusha mchana kwenye kona, akamwonyesha kwa kidole. Kilikuwa chumba kimoja kilichofunguka barabarani, marobota ya vitambaa vya mistari yameegemea ukuta, na ndani sufi ya magodoro imejaa hewani, inapanda na kushuka kwenye mwanga, imetanda kwenye madirisha, kwenye nyaya za taa, kila mahali. Katikati, juu ya godoro lililojazwa nusu, mwanamke alikaa amempa mgongo, akishona pindo kwa shazia. Sindano ile ndefu iliingia, ikatoka, ikavuta uzi. Kichwa chake kilikuwa cheupe. Bibi Filimbi alisimama akikitazama kile kichwa, asijue kama ni sufi au ni miaka.

Maneno yote yalikuwa yamekwisha. Alitaka kupiga hodi, kama inavyompasa mtu mlangoni, lakini hodi ni neno la mgeni, na neno mgeni halikupita kooni. Mkono wake ukashika mwimo wa mlango. Aliposema, sauti ilimtoka ndogo, ya mtu aliyeita vichakani mpaka akakauka.

"Uko wapi?"

Sindano ikasimama, nusu iko ndani ya godoro. Mwanamke hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakakaa juu kitambo, yakashuka. Barabarani mtu alikuwa akibishana na mwendesha mkokoteni, na ubishi ule ukaisha, mkokoteni ukaenda zake.

"Niko hapa hapa," akasema.

Kisha, bado hajageuka, alisogea. Hakumwita mtu alete kiti. Aliivuta nguo yake ikampisha nafasi, akapigapiga godoro upande wake wa kushoto kwa kiganja, mara mbili, sufi ikaruka, ikaelea katikati ya chumba bila haraka ya kutua.